Kobalti inarudia na baba ku nyumba

Kabla ya mwaka wa 2009, kundi moja la watafiti lilipita ku familia za Katanga ya kusini na vichupa vidogo mu mukono. Waliomba kitu kimoja tu: kila mutu, mukubwa na mutoto, akojoe kidogo ndani. Kwetu huku mutu hatoake mukojo wake hivi hivi kwa mugeni, juu haujui ataupeleka wapi. Lakini watu 351 walikubali, na sababu walikubali, leo tunajua jambo lenye kila familia ya muchimbaji inapaswa kulijua.

Kundi hilo liliongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université ya Lubumbashi, pamoja na Profesa Benoit Nemery wa Université ya Leuven, ku Ubelgiji. Walipima madini yenye inatoka mu mukojo: kobalti, shaba, risasi, urani na zingine. Watu wenye walikaa chini ya kilometa 3 na mugoti ao na kiwanda cha kuyeyusha mawe walikuwa na madini mingi kupita wale wa mbali. Hapo hakuna wa kushangaa. Wenye walishangaza ni watoto. Mu viwanda vya inchi za Wazungu kuko mupaka wenye wanaufuata kwa mutumishi mwenye anashika kobalti: mikrogramu 15 kwa kila gramu ya kreatinini. (Kreatinini ni takataka ya kawaida yenye figo inatosha kila siku, inasaidia hesabu isidanganye kama mutu alikunywa maji mingi.) Mu watoto wa chini ya miaka 14 wenye walikaa karibu na mugoti, 87 juu ya 100 walikuwa wamepita huo mupaka wa mutumishi mukubwa wa kiwanda. Watafiti waliandika kama walikuwa hawajaona, fasi yoyote mu dunia, kobalti mingi hivyo mu mukojo wa raia wa kawaida.

Sasa mutoto wa miaka 4 hashuke mu shimo. Habebe gunia. Kobalti ilimufikia wapi?

Mbele ya kujibu, inaomba kujua ginsi mukojo unasema. Kobalti haikae sana mu mwili. Sehemu kubwa yenye inaingia mu damu, figo inaitosha mu siku chache. Kwa hiyo mukojo wa leo unaonyesha kile kiliingia juzi na jana, haiko kile cha miaka kumi iliyopita. Kuko habari mbaya na habari nzuri ndani ya ile. Mbaya ni kama mutoto mwenye kobalti mingi mu mukojo anaendelea kuimeza kila siku. Nzuri ni kama ukifunga mulango wenye inapitia, mwili wenyewe unaanza kujisafisha.

Mu mwaka wa 2014 watafiti hao walitafuta ile milango. Walipima maji, mboga, unga, samaki na vumbi ya nyumba. Kwa watu wakubwa, kobalti ilipitia zaidi mu chakula, na zaidi sana mu mboga za majani. Majani inashika vumbi ya barabara na ya kiwanda, na udongo wa fasi zetu umejaa madini. Kwa watoto, kulikuwa tena mulango mwingine wa maana: vumbi ya chini. Mutoto anatambaa, anacheza mu kiwanja, anatia mukono mu kinywa, anaokota kipande cha bukari chenye kilianguka. Na mwili wake ni mudogo: kijiko cha vumbi chenye ni kitu kidogo kwa baba wa kilo 65, kwa mutoto wa kilo 12 ni kingi.

Kisha kukakuja Kasulo. Watu wa Kolwezi wanajua ile habari kupita mwandishi wa gazeti. Mu mwaka wa 2014 walivumbua mawe meusi ya kobalti, ile heterogenite, chini ya nyumba za watu, na mu muda mufupi mutaa wa watu ukageuka mugoti: shimo mu parcelle, shimo mu salon, magunia mbele ya mulango, mama anapika hapa na ba creuseurs wanatosha mawe pale. Profesa Banza na wenzake walipima watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mutaa mwingine wa karibu wenye haukuchimbwa. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti karibu mara kumi kupita watoto wa kule kungine. Na kulikuwa kitu kingine chenye hakikuonekana mbele: mu mukojo wa wale watoto walikuta alama zenye zinaonyesha kama ADN, ni kusema maandiko yenye kila chembe ya mwili inafuata, ilikuwa inaharibika kidogo kidogo. Hiyo haiko kusema kama watoto hao watagonjwa. Mwili unatengeneza ADN yake kila siku. Lakini ni kama kusikia mugoti unalia: haujaanguka, ila mwenye akili anaangalia nguzo. Ile kazi ilitoka mu mwaka wa 2018 mu gazeti la sayansi Nature Sustainability.

Inafaa hapa tusimame kidogo juu ya kobalti yenyewe, sababu watu wengi wenye wanaishika kila siku hawajapata mutu wa kuwaelezea ni nini.

Jina lake lilitoka kwa wachimbaji. Zamani za miaka ya 1500, ku Saxe, mu Ujerumani, wachimbaji walitosha mawe yenye ilifanana na ya feza. Waliitia mu moto, feza haikutoka, ila moshi yenye sumu ikawashambulia. Ile sumu ilikuwa arseniki yenye ilichanganyika na mawe. Wao walisema ni kobold, roho mubaya wa chini ya udongo, ndiye aliiba feza na kuacha mawe ya bule. Ni karibu mwaka wa 1735 tu muntu wa Suède, Georg Brandt, alionyesha kama ndani ya ile mawe ya bule kulikuwa metali yenyewe mupya. Jina la roho likabakia. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka kwetu, na ile mawe ya bule ikawa mawe yenye watu wanapigania.

Na mwili unaihitaji! Katikati ya vitamini B12 kuko chembe moja ya kobalti. Mwanamuke muingereza Dorothy Hodgkin ndiye alionyesha umbo lake lote mu mwaka wa 1956. Bila B12 damu inapunguka na mishipa ya fahamu inaharibika. Ku Australia, mu miaka ya 1930, kondoo walikuwa wanakonda na kufa mu majani mazuri, mpaka wakavumbua kama udongo wa kule haukuwa na kobalti. Kisha wafugaji wakaanza kuwamezesha kidonge kizito cha kobalti chenye kinabakia mu tumbo miaka. Lakini sikilizeni vizuri: kondoo ako na vidudu mu tumbo vyenye vinajua kutengeneza B12 na kobalti. Sisi hatuko navyo vile. Mutu anapata B12 yenye imekwisha kutengenezwa, mu nyama, samaki, mayai, maziwa, hata ndakala. Na kobalti yenye tunahitaji kwa siku mu ile vitamini ni kama sehemu moja ya kumi ya mikrogramu moja. Mikrogramu yenyewe ni gramu moja yenye imekatwa mara milioni. Mwenye anasema «vumbi ya kobalti inatia nguvu» anadanganya watu.

Ginsi gani inaumiza ikizidi? Hapa kuko habari ya ajabu. Mu miaka ya 1960 wenye kutengeneza bia mu inchi fulani walitia chumvi ya kobalti ndani juu povu isiishe upesi mu glasi. Mu mwaka wa 1965 na 1966, ku Québec, mu Kanada, wanaume wenye kunywa sana wakaanza kufika ku lopitali na moyo wenye umevimba, pumzi fupi, ngozi ya bluu. Karibu 50 waligonjwa na 20 hivi wakakufa. Wagonjwa wengine walionekana ku Marekani na ku Leuven yenyewe, mu muji wa Université ya Profesa Nemery. Walipoacha kutia kobalti mu bia, ugonjwa ukaisha. (Wapenda-bia, mutulie: ni jambo la zaidi ya miaka 50.) Lakini kile chenye kilisumbua waganga ni hesabu. Ile kobalti yenye walevi walikunywa ilikuwa kidogo kuliko ile yenye waganga wa ule wakati walipatia wagonjwa wa damu kama dawa, na wale hawakukufa hivyo. Tofauti ilikuwa nini? Walevi walikunywa sana na kula kidogo. Mwili wao ulikosa nyama, samaki, maharage. Kwa muchimbaji mwenye anashinda siku nzima na chai na mukate, na jioni anaanzia ku bia mbele ya bukari, ile habari haiko ya Kanada tu.

Na juu ya nini kobalti ilikuwa dawa ya damu? Inadanganya mwili. Mwili uko na kipimo cha ndani chenye kinasikia kama pumzi inapunguka, kwa mufano mutu akipanda mulima mrefu. Hapo unatengeneza damu nyekundu zaidi. Kobalti inafanya ile kipimo kiseme «pumzi imepunguka» hata kama haijapunguka. Watu watatu wenye walieleza ginsi kipimo hicho kinatumika, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipata Prix Nobel mu mwaka wa 2019. Kobalti ilikuwa moja ya vyombo vya kufanyia majaribio mu maabara.

Sasa tufike ku jambo lenye ni zito, na lenye mu cité linasemewa chini chini.

Kuanzia Machi 2013 mpaka Februari 2015, waganga wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliandika kila mutoto mwenye alizaliwa na kilema chenye kinaonekana: midomo yenye imepasuka, miguu ya kukunjama, mugongo wenye haukufunga na wengine. Mu ile miaka miwili kulizaliwa watoto 133 662 mu muji. Wenye vilema wenye waliandikwa walikuwa 138, ni kusema kama mumoja mu watoto elfu moja. Waliwalinganisha na watoto 108 wenye walizaliwa wazima. Waliuliza wazazi kazi, chakula, dawa, fasi wanakaa. Wakapima damu ya mama, mukojo, kitovu na kondo la nyuma. Matokeo yalitoka mu mwaka wa 2020 mu gazeti The Lancet Planetary Health.

Kidole, kwa desturi, kinaelekea mama. Mutoto akizaliwa na kilema, watasema mama alivunja mwiko, ao alilogwa, ao bibi ya zamani ametupa neno; kuko wanawake wenye walirudishwa kwao juu ya hiyo. Basi angalieni kile hesabu ilionyesha: hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi ya madini. Mara 5 na nusu.

Ile «mara 5 na nusu» inaomba kusomwa polepole. Watoto wenye walipimwa hawakuwa wengi, kwa hiyo hesabu iko na kivuli kirefu: ukweli unaweza kuwa mudogo, kama mara 1,2, ao mukubwa kufikia mara 25. Na hata ukizidisha, kitu cha mumoja mu elfu kinabakia kitu chenye hakifikie watu wengi. Baba wa mugoti mwenye bibi yake ako na mimba leo asilale macho wazi: karibu watoto wote wanazaliwa wazima. Tena, utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vyenye vinatembea pamoja. Hauonyeshe kwa uhakika nani anavuta mwenzake.

Kulikuwa na kitu kingine cha kushangaza. Kobalti mu damu ya mama wenye watoto wa vilema haikupita ile ya mama wengine. Manganeze na zinki tu ndizo zilipanda kidogo mu upande wa mutoto, mu damu ya kitovu na mu kondo la nyuma. Mimi naona hivi: mvua ikinyesha juu ya muji muzima, hautatofautisha aliyelowa na asiyelowa. Mu Lubumbashi hata wale wenye waliitwa «wazima» wako na madini mingi mu damu kuliko watu wa fasi zingine. Basi baba anapeleka hatari kwa njia gani? Kuko njia mbili zenye zinafikiriwa: vumbi yenye anarudia nayo ku nyumba, ao mbegu yake mwenyewe yenye inaharibika ku kazi. Zinaweza kuwa zote mbili.

Ile njia ya kwanza haiko ya kuwaza tu. Tumeiona na vumbi zingine. Mu mwaka wa 1965, ku London, waganga wawili, Newhouse na Thompson, walifuata watu wenye kansa ya ngozi ya mapafu yenye inaletwa na amianti. Kati yao walikuta watu tisa wenye hawajafanya kazi ya amianti hata siku moja. Walikuwa wa familia ya watumishi. Wengi walikuwa wanawake wenye walikuwa wanafua manguo ya kazi ya bwana.

Kitu cha tatu chenye utafiti wa Lubumbashi ulionyesha kinapaswa kuandikwa na maandishi makubwa ku kila centre de santé: mama wenye walimeza vitamini wakati wa mimba walikuwa na hatari ndogo kabisa, kama sehemu moja ya tano ya wengine. Pengine wale mama walikuwa pia na feza zaidi ao walifuata CPN vizuri, na hiyo ilisaidia. Lakini juu ya vitamini moja, asidi foliki, hakuna tena mabishano. Mu mwaka wa 1991 majaribio makubwa yenye Waingereza waliongoza mu inchi saba yalionyesha kama kwa mama wenye walishazaa mutoto wa mugongo wazi, asidi foliki ilipunguza kurudia kwa kile kilema kwa 72 juu ya 100.

Lakini hapa njo watu wengi wanakosea wakati. Mugongo wa mutoto unafunga mu siku 28 za kwanza za mimba. Siku 28! Mama wengi hapo hawajajua hata kama wako na mimba; mwezi umechelewa siku chache tu. Akifika ku CPN mu mwezi wa ine ao wa tano na kupewa kile kidonge cha fer na asidi foliki, kinamusaidia juu ya damu, lakini mugongo ulishafunga zamani, ao haukufunga. Kwa hiyo mwanamuke mwenye anafikiri kuzaa anapaswa kuanza mbele ya mimba, mikrogramu 400 kila siku, na kuendelea mpaka juma la 12. Njo vile OMS inashauria. Kidonge hicho hakiuzwe bei kali. Mwenye alishazaa mutoto wa mugongo wazi aulize munganga, sababu yeye anapaswa kupewa kipimo kikubwa zaidi. Na mwenye alishazaa mutoto wa miguu ya kukunjama asimufiche mu nyumba: akipelekwa mu majuma ya kwanza, waganga wanainyoosha polepole na plâtre, bila operesheni kubwa.

Inabakia vumbi. Sitadanganya kama sabuni inaweza kushinda kiwanda. Lori yenye inapita na mawe bila kufunikwa, barabara yenye haimwangiwe maji, moshi yenye inaangukia mashamba: hizo ni kazi za wenye mugoti na za serikali, na raia wako na haki ya kuziomba kwa sauti. (Vumbi ya mawe yenyewe, ile yenye inakausha mapafu, iko na habari yake, tutaisemea siku ingine.) Lakini mulango wa nyumba yako, weye ndiye mwenye kuushika.

Manguo ya kazi isiingie mu chumba cha kulala. Kama ku kazi kuko fasi ya kuoga, oga kule na urudie na manguo ingine. Kama hakuna, vulia inje, mu kona moja yenye watoto hawachezeshe, na bote zibakie pale. Usimubebe mutoto mbele ya kunawa, hata akilia. Gunia ya mawe haiko kiti, na mawe hayalale mu nyumba. Ndani ya nyumba, kufagia kukavu kunapandisha vumbi na kuilaza tena mu sahani. Pangusa na kitambaa chenye maji, zaidi sana fasi mutoto anatambaa. Lengalenga, matembele na sombe zioshwe mara mbili tatu mu maji safi mbele ya kukatwa. Mikono ya watoto inawe mbele ya kila chakula, na makucha ikatwe fupi.

Manguo ya baba ifuliwe peke yake, mu bassin yake, isichanganywe na ya mutoto. Ilowe kwanza, isikung'utwe ikiwa kavu. Na ile maji nyekundu yenye inabakia mu bassin isimwangwe ku bustani ya mboga.